Jina Lisilokuwemo Gazetini

Duka la Winfrida lilikuwa dogo. Wateja watatu wakiingia kwa mpigo, wa nne alisubiri kibarazani. Lilikuwa Mwanga, mjini Kigoma, hatua chache kutoka sokoni, limebanwa kati ya fundi cherehani na muuza vipuri vya pikipiki, na juu ya mlango palipigiliwa kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi ya bluu: Pambo la Kwetu. Ndani ungekuta vyungu vya kupikia maharage, miiko, nyungo, mikeka ya ukindu na vitambaa vya meza vilivyoshonwa kwa vitenge. Lakini kilichowavusha watu barabara ni vikapu. Vilitundikwa ukutani kuanzia usawa wa goti mpaka darini, vikapu vya nyasi vyenye mifuniko, vimesukwa vikabana kiasi kwamba ukitia ulezi hata punje moja haipenyi.

Vikapu hivyo vilitoka Kalinzi, juu milimani, mikononi mwa Domitila, mama mkwe wake.

Winfrida alizaliwa na kukulia Ujiji, akaolewa na Jeremia, mwana wa pekee wa Domitila. Jeremia alikuwa akiwabebea wakulima kahawa kwa pikipiki. Masika moja, barabara ikiwa utelezi mtupu, lori lilimkuta kwenye kona, na ikawa ndiyo basi. Binti yao, Happiness, alikuwa na miaka minne. Wako wakwe ambao matanga yakishaanuliwa humhesabia mjane sufuria na kumwonyesha njia. Domitila siye. Alimkuta Winfrida chumbani anakunja nguo, akaketi juu ya begi lenyewe.

"Unakwenda wapi?" aliuliza. "Mimi nimefiwa na mmoja. Unataka nifiwe na watatu?"

Ilipobidi Winfrida arudi mjini kutafuta riziki, yule mama alimpa vikapu kumi na viwili. "Kauze," alisema. "Vikiisha niambie." Duka likaanzia hapo.

Ni katika mwaka ule wa msiba ambapo Domitila alianza kusuka nakshi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Ulikuwa mstari mmoja uliopanda ukikizunguka kikapu kutoka kitakoni, kipande chekundu, kipande cheusi, chekundu, cheusi, na kidole kimoja kabla ya kufika ukingoni ukakatika. Wengi waliona ni urembo tu. Winfrida peke yake ndiye aliyeambiwa. Mlangoni kwa Domitila mtu akisimama huona njia inayopanda kutoka barabarani kupitia migombani. Mvua ikinyesha Jeremia alikuwa akiacha pikipiki kwa jirani huko chini na kupanda kwa miguu, na mama yake alikuwa akisimama mlangoni kumtazama: anaonekana, anamezwa na migomba, anaonekana tena, anamezwa. Chekundu ni pale alipoonekana. Cheusi ni pale alipofichika. Na mstari ulikatikia kwenye cheusi.

Miaka ikaenda. Duka likapata wateja ambao hawakuwa wa Kigoma: walimu, wauguzi, watumishi waliohamishiwa huko kutoka mikoa mingine, wakitafuta cha kupamba nyumba za kupanga. Mmoja wao aliitwa Elinipa, afisa wa benki kutoka Moshi, mwanamke mcheshi asiyekaa kimya. Ndiye aliyesema, "Dada Winfrida, sisi tunakaa hapa miaka mitatu tunajua ofisi na nyumbani tu. Tutoe siku moja moja basi, tuone mambo ya huku." Ndivyo matembezi yalivyoanza. Mara moja kwa mwezi wateja wa duka walikodi gari wakaenda pamoja. Walikwenda Bangwe kutazama akina mama wanavyoanika dagaa na kuwageuza. Walikwenda makumbusho ya Ujiji. Walikwenda kwa mfinyanzi mmoja mzee, wakarudi na udongo mpaka kwenye nyusi. Winfrida, aliyekuwa mpole wa kukaa nyuma ya meza, akajikuta anasimama mbele ya watu ishirini akieleza, na watu wanamsikiliza.

Sifa ikimwendea mtu hubisha hodi kwanza. Ilibisha siku ya Jumanne kwa sura ya Bonaventura, kijana mrefu mwenye kamera shingoni, mwandishi wa gazeti moja la Dar es Salaam aliyekuja Kigoma kwa habari za bandari. Alikuwa amesikia habari za duka kwa Elinipa. Aliuliza hili na lile, akaandika, kisha akashusha kikapu kimoja ukutani na kukizungusha polepole.

"Hii nakshi sijaiona kokote," alisema. "Ina maana gani?"

Winfrida alifungua kinywa. Lakini kuisema nakshi ni kumsema Jeremia, na tangu afe hajawahi kumtaja mbele ya mgeni sauti isikatike. Akatazama nje, akatafuta kitu kingine cha kusema.

"Ni mawimbi," alisema. "Mawimbi ya ziwa letu."

"Aisee! Na aliyeibuni ni nani?"

Hapo angeweza kurudi. Mawimbi yangekuwa kosa dogo la mtu aliyekuwa akilinda donda lake. Lakini yule kijana alikuwa amesimamisha kalamu, anamtazama kama mtu anayetazama jambo kubwa, na hakuna aliyemtazama Winfrida vile kwa miaka saba.

"Mimi," alisema.

Habari ilitoka Jumapili, nusu ukurasa, na picha yake amekumbatia kikapu: MSUKA MAWIMBI WA KIGOMA. Elinipa alinunua nakala tano. Wiki iliyofuata redio ya mjini ikamwita. Mwezi uliofuata wakaja watu wa televisheni, wakamtembeza ufukweni huku ameshika kikapu, wakamwambia aangalie maji. Kila alipoulizwa alijibu mawimbi, na kila alipojibu ilikuwa rahisi kidogo kuliko jana. Uongo wa kwanza aliusema yeye. Uliofuata ulijisema wenyewe.

Domitila alikuja mjini Alhamisi moja na furushi la vikapu kichwani, ameshuka kwenye gari stendi akatembea mpaka dukani. Walisalimiana kama kawaida yao, kwa Kiha, salamu ndefu ya kuulizana hali za watu, ng'ombe na migomba. Kisha yule mama akatua mzigo, akajipangusa uso.

"Mama Happiness, nimesikia kanisani umeandikwa gazetini."

"Ndiyo, Mama."

"Nisomee."

Domitila hakujua kusoma. Gazeti lilikuwa pale pale juu ya meza, chini ya kioo. Winfrida alilitoa, akaanza. Jina la duka alilisoma lilivyoandikwa. Mtaa akausoma. Mstari wa tatu ulisema: Winfrida, ambaye hubuni na kusuka nakshi zote kwa mikono yake. Macho yaliuona, ulimi ukakataa. Akasikia sauti yake inasoma maneno mengine.

"Winfrida, ambaye vikapu vyake vyote husukwa na mama mkwe wake, Bibi Domitila wa Kalinzi, msukaji hodari kuliko wote huko milimani."

Domitila akaketi polepole kwenye kigoda.

"Wameandika hivyo?"

"Wameandika hivyo."

"Rudia hapo."

Akarudia. Safari hii akaongeza kwamba Bibi Domitila alifundishwa na mama yake tangu utotoni, kwa sababu aliona uso wa mzee yule unavyokunjuka na hakuweza kujizuia kuukunjua zaidi. Yule mama alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuomba kikubwa:

"Na Jeremia? Mwanangu wamemtaja?"

"Wamemtaja," alisema Winfrida. "Wamesema nakshi ile ni njia aliyokuwa akipandia kuja nyumbani."

Domitila alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Mteja mmoja alichungulia mlangoni, akawaona, akaondoka.

"Basi wanamjua mpaka Dar es Salaam," alisema hatimaye. Akanyoosha mkono. "Nipe hilo gazeti nikalitunze."

"Hili limechakaa, Mama. Nitakutafutia jingine zuri."

"Nataka hili ulilonisomea."

Angemnyimaje? Alilikunja, akampa. Domitila akalitia kifuani, akapanda gari la saa nane.

Zilipita wiki tatu. Siku ya kuletwa vikapu, aliyeshuka kutoka Kalinzi hakuwa Domitila. Alikuwa Skolastika, jirani yake, mwanamke wa makamo ambaye naye alisuka. Alitua furushi lake mlangoni, akakataa kiti.

"Mama hajambo?" aliuliza Winfrida.

"Hajambo. Vikapu hivi ni vyangu. Amesema kuanzia sasa nilete mimi vya kwangu, yeye macho hayaoni vizuri." Skolastika akamtazama. "Macho yake yanaiona sindano iliyoanguka majanini, na wewe unajua."

Winfrida aliinamia furushi, akaanza kulifungua. Mwili ulikuwa umeshajua kabla ya masikio.

"Jumamosi jumuiya yetu ya kanisani ilisali kwake," Skolastika aliendelea. "Tulipomaliza akatoa gazeti lako, alikuwa amelihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo. Akamwomba Katekista Telesphory atusomee. Akatuambia, 'Sikilizeni mwanangu alivyoandikwa.' Katekista akasoma mpaka mwisho. Jina lako lilikuwemo, sijui mara ngapi. Mama akasema, 'Katekista, umeruka mahali.' Akasoma tena, polepole. Mama akasema, 'Tazama nyuma, labda limeendelea nyuma.' Akageuza. Nyuma kulikuwa na habari za mpira."

Winfrida aliliacha furushi.

"Akasema nini?"

"Alimimina kahawa, akatupa mmoja mmoja, hakumruka mtu. Wengine tulishindwa hata kuimeza." Skolastika alilegeza kidogo sauti. "Mimi sikuhukumu, Mama Happiness. Lakini ungeona alivyokuwa akilikunja lile gazeti, alilifuatisha mikunjo yake ile ile."

Mtu mwingine angefunga duka na kupanda gari siku hiyo hiyo. Angefika, angepiga magoti, angesema yote. Winfrida aliwaza hivyo akiwa amesimama pale pale, kisha hofu ikamtafutia njia nyingine iliyofanana na ujasiri. Alijiambia kwamba kosa lilifanyika gazetini, basi dawa yake nayo iwe gazetini. Ataupeleka ulimwengu kwa Domitila. Ataukiri ukweli mbele ya watu, mwandishi akiwepo, na jina la mama litaandikwa kwa herufi kubwa.

Akampigia simu Bonaventura. Akamwambia Elinipa kwamba matembezi ya mwezi wa saba yatakuwa Kalinzi, kwa mabingwa wa kusuka. Elinipa alifurahi kupita kiasi. Siku hiyo hiyo watu kumi na tisa walijiandikisha. Ombi lilipelekwa na Skolastika, na jibu likaletwa na Skolastika, maneno manne tu: "Waje. Nyumba haikatai wageni."

Walikwenda Jumamosi. Coaster ilipanda milima ikilalamika, watu wakiimba, kahawa mbivu ikionekana shambani pande zote. Gari lilisimama barabarani wakashuka, wakaanza kupanda njia ya migombani mmoja mmoja. Winfrida alikuwa wa mwisho. Alipoinua uso alimwona Domitila amesimama mlangoni, amevaa kitenge chake cha kanisani, anawatazama wanavyoonekana na kufichika.

Yule mama aliwapokea kama inavyopasa. Aliwasalimu wote, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono miwili. "Mwakeye," aliwaambia kwa Kiha, na waliotoka mbali wakajaribu kuitikia wakachekana. Akawalisha ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na ndizi. Winfrida alipomwamkia, aliitikia vizuri tu. "Marahaba. Karibuni." Karibuni, kwa wengi, kana kwamba naye ni mmoja wa waliokuja na gari.

Baada ya chakula Domitila na Skolastika waliketi mkekani, wakaonyesha kazi: namna ya kulowesha nyasi, kuanza kitako, kupitisha ukindu kwa sindano nene. Kikapu alichosuka Domitila kilikuwa cheupe, hakina nakshi yoyote. Watu walipiga picha. Winfrida alikuwa akijipanga moyoni asimame aseme, lakini Bonaventura alimtangulia. Alichuchumaa mbele ya mzee, akamwonyesha kikapu kimojawapo cha dukani chenye mstari mwekundu na mweusi.

"Bibi, na hii nakshi, wewe unaijua?"

Domitila alikipokea. Alipitisha kidole kwenye mstari kutoka kitakoni kwenda juu, mpaka ulipokatika.

"Hii ni ya huyu," alisema, akimwelekeza Winfrida kwa kidevu. "Ni mawimbi ya ziwa. Amebuni yeye. Mimi ni msukaji tu, hata ziwani sijawahi kuoga."

"Mama, hapana," alisema Winfrida.

Alikuwa ameshasimama. Watu wote waligeuka. Maneno aliyoyapanga yalimtoroka, yakabaki machache yaliyo uchi.

"Si kweli. Sikubuni mimi, sijui hata kusuka. Nilisema uongo. Nakshi ni ya mama. Si mawimbi, ni njia. Ni njia hii tuliyopanda leo, ndiyo aliyokuwa akipanda Jeremia, mume wangu. Mama aliisuka alipofiwa."

Bonaventura alimgeukia Domitila, kalamu tayari.

"Ndivyo, Bibi?"

Yule mama alimtazama mwandishi, akaitazama kamera, akawatazama wale watu kumi na tisa na simu zao zilizoinuliwa. Kisha akakiweka kikapu chini, mbali kidogo na goti lake.

"Mwanangu hayumo ndani ya kikapu," alisema. "Mwanangu amelala pale, nyuma ya migomba. Huyu binti ana huruma, anataka kunipa heshima isiyo yangu. Mwandike kama mlivyoandika mwanzo."

Elinipa ndiye aliyeanza kupiga makofi. Alikuwa na machozi. "Jamani, mnaona unyenyekevu?" alisema. "Mnaona mtu anavyompenda mama mkwe wake?" Na wengine wakapiga makofi, na Winfrida akasimama katikati ya makofi yale akitikisa kichwa, akisema "Hapana, sikilizeni, hapana," na kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumpigia.

Skolastika aliwachukua wageni kwenda kuona kahawa inavyochumwa. Winfrida alibaki. Alimkuta Domitila jikoni anasuuza vikombe, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo.

"Inuka, utachafua nguo."

"Mama, kwa nini hukuwaambia? Nilikuja kurudisha kilicho chako."

"Ulikuja na gari zima," alisema Domitila. Hakupandisha sauti. "Wiki ngapi zimepita tangu Skolastika akwambie? Ungekuja peke yako, hata kwa miguu, tungelia wawili, yakaisha. Umeniletea watu wa kunipiga picha nikilia."

"Nisamehe."

Yule mama aliendelea kusuuza kikombe ambacho kilikuwa kisafi tayari.

"Kutoandikwa si kitu. Watu wa Dar es Salaam hawanijui, wangenijuaje? Ungesema, 'Mama, hawakukuandika,' ningesema, 'Haya, leta nyasi tusuke.' Hata hilo la kwamba umebuni wewe, ningecheka. Kijana ni wa sifa." Akakitua kikombe. "Lakini nilikuuliza habari za Jeremia. Ukaniambia yumo. Nilitembea na lile gazeti kifuani wiki mbili, Mama Happiness. Nilikuwa nikilitoa jioni nalitazama, sijui kusoma, natafuta kwa kidole mahali ambapo labda ndipo alipo. Nilichagua neno moja, refu. Nikajiambia, hili ndilo. Nikawa nalisalimia."

Winfrida alilia kwa sauti. Domitila hakumnyamazisha, wala hakutoka.

"Nimekusamehe," alisema baadaye. "Nilikusamehe kabla hujaja, kwa kuwa nasali Baba Yetu kila siku na siwezi kuruka mstari. Happiness ni wangu, likizo aje kama kawaida. Ila ukiniambia jambo tena, sitajua kama ni kweli. Hilo sina la kulifanya. Si hasira. Limeondoka tu."

Nje wageni walikuwa wakirudi, wakicheka, mikono yao imejaa buni nyekundu.

Habari ya pili ilitoka wiki mbili baadaye, ukurasa mzima. Ilimsifu mbunifu wa Kigoma ambaye, licha ya umaarufu, alijaribu kumvisha mama mkwe wake taji lake mwenyewe. Winfrida alimpigia simu Bonaventura akamsihi aisahihishe.

"Dada, mama mwenyewe alikana mbele ya watu," alisema yule kijana, kwa upole kabisa. "Ninao ushahidi wa sauti yake. Nitaandika nini?"

Wateja waliongezeka, wengine wakija kutoka Kasulu na Kibondo kumwona tu. Aliviondoa ukutani vikapu sita vyenye nakshi ile, akavifunga ndani ya shuka na kuviweka chini ya kitanda chake. Waliovitaka aliwaambia vimekwisha. Matembezi aliyasimamisha, Elinipa aliuliza sababu, akaambiwa ukweli wote kwa kirefu, na safari hii aliuamini. Alikaa kimya muda mrefu, jambo lisilo la kawaida yake, kisha akasema, "Na mimi ndiye niliyepiga makofi." Walibaki marafiki, lakini hawakulizungumza tena.

Kila baada ya wiki mbili Winfrida alipanda Kalinzi, peke yake. Zamani akifika alikuwa akizunguka nyuma, anaingia jikoni bila hodi, anafunua sufuria kuona kuna nini. Sasa Domitila alimfungulia mlango wa mbele. Alimpangusia kiti, akamwandalia kahawa kwenye kikombe chenye kisahani, akamuuliza habari za mjini na za safari. Alikuwa mkarimu mno. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Winfrida alikwenda mara tano, mara sita, akitamani aambiwe achote maji, afagie, amenye ndizi. Hakuambiwa.

Mwezi wa kumi na mbili alimpeleka Happiness likizo. Mtoto alimbusu bibi yake, akatupa begi, akapotelea jikoni. Muda si muda wakasikika wawili wale huko nyuma, bibi akieleza namna ya kushika sindano, mjukuu akijichoma na kupiga kelele, wote wakicheka. Winfrida alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake. Alisikiliza. Kahawa ilipokwisha alisimama akachukua kikombe akipeleke nyuma, lakini Domitila alikuwa ameshamwona akiwa mlangoni.

"Acha, acha," alisema, akikipokea kwa mikono miwili. "Usijisumbue. Utachelewa gari."

Akamsindikiza mpaka pale njia inapoanza kushuka, akamtakia safari njema, akarudi ndani kwa mjukuu wake. Winfrida alishuka kupitia migombani mpaka barabarani, akakaa juu ya jiwe kungoja gari la kwenda mjini.